Nani humfanya shabiki kuwa mwanahabari?

Usiku wa manane wa tarehe 31 Mei 2007, watu saba waliketi mbele ya kompyuta zao kutazama matangazo ya video ambayo umma haukujua kama yapo. Walialikwa na kampuni ya Universal ya Orlando, Florida. Wote saba walikuwa mashabiki wa Harry Potter, watu wa tovuti kubwa za mashabiki kama MuggleNet. Katika video hiyo Stuart Craig, mbunifu wa mandhari za filamu za Harry Potter, alieleza jinsi ulimwengu wa hadithi ile utakavyojengwa kwa mawe na mbao ndani ya bustani ya burudani ya Islands of Adventure. Hakuna gazeti wala kituo cha televisheni kilichopewa habari hiyo kwanza. Walipewa mashabiki saba.

Wakaandika. Wasomaji wao wakasambaza, magazeti na televisheni wakaidaka kutoka kwao, na baadaye kitengo cha masoko cha Universal kikakadiria kwamba ndani ya saa 24 habari ilikuwa imewafikia watu milioni 350. Hilo ni kadirio la kampuni yenyewe, na kampuni haina sababu ya kujipunja. Lakini hata ukiligawa mara mbili, kisha mara mbili tena, utaelewa kwa nini watu wa masoko wamelisimulia tukio hilo miaka nenda rudi. Hakukuwa na tangazo la kulipia, hakukuwa na mkutano wa wanahabari hotelini. Sehemu hiyo ya bustani ilipofunguliwa tarehe 18 Juni 2010, watu walikuwa wameisubiri kwa miaka mitatu.

Leo hakuna ufunguzi mkubwa wa bustani ya burudani Marekani usio na safu ya wanablogu, watu wa YouTube na wa TikTok waliosimama bega kwa bega na mpiga picha wa shirika la habari. Wamealikwa na ofisi ileile, wanapewa taarifa ileile, wanahoji wabunifu walewale. Kila mara mjadala huwa uleule: je, hawa ni wanahabari?

Mjadala huo hauishi kwa sababu watu hudhani swali lina mwamuzi mmoja. Wako watatu, na kila mmoja ana kipimo chake. Kampuni hupima ukubwa wa hadhira yako. Tume ya serikali inayolinda walaji hupima ulichopokea. Mahakama hupima kazi uliyoifanya. Mtu mmoja anaweza kuwa mwanahabari mbele ya kampuni, akawa mpiga debe mbele ya tume, kisha akawa mwanahabari tena mbele ya jaji, na yote hayo kwa makala moja.

Ndani ya mwaliko

Tuanze na kampuni, maana ndiyo yenye lango.

Siku chache kabla kivutio kipya hakijafunguliwa kwa umma, ofisi ya mawasiliano huita waalikwa wake. Anayeitwa huingia bila kulipa, mara nyingi na mwenza. Hupanda bila foleni, huonja vyakula vipya, hupangiwa dakika kadhaa na mbunifu au mkurugenzi, na hupewa picha na video ambazo kampuni imezipiga kwa ustadi wake. Wengine hulipiwa hoteli, na wengine hata nauli ya ndege. Kuna pia embago, yaani sharti la kutochapisha kabla ya saa fulani. Sharti hilo halina ubaya lenyewe. Chumba chochote cha habari kinalijua, kuanzia ripoti za bajeti hadi tuzo za michezo.

Kwa shirika kubwa la habari, mwaliko kama huo ni kazi ya siku moja kati ya kazi nyingi. Mwandishi akikosa, kesho ataandika habari za baraza la jiji. Kwa mwanablogu wa bustani za burudani, mwaliko ni mtaji. Watazamaji humiminika katika saa za kwanza. Anayeweka video asubuhi ya ufunguzi huvuna, na anayelazimika kukata tiketi na kupanga foleni pamoja na umma hufika shambani mavuno yameshabebwa. Tiketi ya siku moja ya Walt Disney World, bustani za kampuni ya Disney huko Orlando, hupita dola 100 kwa mtu mzima, na hapo hujalala, hujala, hujaegesha gari.

Kwa upande wa kampuni gharama ni ndogo mno. Kiti ambacho mwanablogu anakalia kwenye treni ya burudani siku ya majaribio kingekwenda kitupu. Kitengo cha Disney kinachobeba bustani, hoteli, meli za utalii na bidhaa kiliingiza zaidi ya dola bilioni 34 katika mwaka wa fedha wa 2024. Ukiweka gharama za sherehe ya waalikwa kando ya fedha hizo, hazionekani. Mizani haiko sawa tangu mwanzo: kinachotolewa ni chepesi kwa mtoaji na ni kizito sana kwa mpokeaji.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalioni. Tovuti za mashabiki haziishi kwa mialiko peke yake. Zinaishi kwa matangazo, kwa michango ya wafuasi, na kwa kamisheni. Baadhi ya zile kubwa za Disney zimefungamana na mawakala wa safari, ambao hulipwa kila msomaji anapokata safari kupitia kwao, na chanzo cha kamisheni hiyo ni Disney. Mwanablogu wa aina hii anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hajawahi kupokea hata soda ya bure, na bado pato lake likapungua siku wasomaji watakapoamua kwamba safari ya Orlando haina thamani ya bei yake. Naliona hili kuwa zito kuliko tiketi za bure zinazopigiwa kelele kila mwaka, kwa sababu tiketi ya bure huonekana kwenye video, lakini kamisheni huwa chini kabisa ya ukurasa kwa maandishi madogo.

Wanahabari wa kwetu Afrika Mashariki wanaijua bahasha. Bahasha ina kiasi, ina aliyeitoa, na unaweza kuikataa mkononi mwake. Mwaliko wa bustani ya burudani haufanani nayo kwa jambo moja: hauna kiasi na haudai chochote. Hakuna afisa atakayempigia mwanablogu simu kumwambia asitaje foleni ya dakika 90. Hahitaji. Mwalikwa anajua kwamba orodha ya wageni huandikwa upya kila tukio, kwamba hakuna mkataba unaomhakikishia kuitwa tena, na kwamba akiachwa hataambiwa sababu. Atakachokiona ni ukimya tu. Anayekumbuka hilo kila anapoandika hujikata ulimi mwenyewe, kidogo kidogo, bila mtu kumgusa.

Tena huyu ni mtu anayependa. Alipelekwa pale akiwa mtoto, akarudi na watoto wake. Anajua mwaka ambao kila jengo lilijengwa. Kumwita mla rushwa ni kumkosea, na ni kutolielewa jambo lenyewe. Angeisifu ile treni hata kama angelipa.

Karamu ya wanahabari ilianza zamani

Wanaowabeza wanablogu husema kwamba zamani kulikuwa na wanahabari halisi waliosimama mbali na kampuni. Historia ya bustani hizi haiwaungi mkono.

Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo ilitengwa kwa wanahabari na wageni waalikwa. Televisheni ya ABC ilirusha tukio zima moja kwa moja, na miongoni mwa watangazaji watatu alikuwamo Ronald Reagan, rais wa baadaye. ABC hiyohiyo ilikuwa imewekeza fedha katika ujenzi na ilimiliki karibu theluthi ya bustani. Chombo cha habari kilikuwa kikitangaza mali yake kama habari. Bahati ya ukweli ni kwamba siku ilikwenda vibaya mno. Tiketi za kughushi ziliongeza umati, lami mbichi ilishika visigino vya akina mama, na mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umemlazimisha Walt Disney kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Baadhi ya waandishi waliandika yote hayo, na Disney akawaita tena waje wakati mambo yametulia.

Miaka 31 baadaye, Oktoba 1986, Walt Disney World ilitimiza miaka 15 na ikaalika maelfu ya wanahabari kutoka kila pembe ya Marekani kwa siku kadhaa za karamu. Gharama zilibebwa na Disney pamoja na mashirika ya ndege, hoteli na taasisi za utalii za Florida. Mwanahabari aliachiwa achague mwenyewe kulipa gharama zake zote, kulipa sehemu, au kutolipa chochote. Jambo hilo liliwachoma wengi ndani ya fani yenyewe, na gazeti la New York Times likalilaani katika tahariri. Wengi walikwenda hata hivyo. Wakati huo hakukuwa na mwanablogu hata mmoja duniani wa kulaumiwa.

Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa mashabiki ulikuwa wazi kwa wengine zamani. Kilichobadilika ni aina ya mtu anayeingia na kilicho nyuma yake. Mwandishi wa mwaka 1986, hata aliyekula bure, alikuwa na mhariri, alikuwa na mwanasheria wa gazeti, na alikuwa na mshahara uliotoka mahali pengine. Shabiki wa leo mara nyingi yuko peke yake na kamera yake.

Kabla hawajapendwa

Mashabiki hawakuanza kama wageni wa heshima. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, tovuti kama AllEars, LaughingPlace na MousePlanet zilijengwa na watu waliolipa kiingilio chao na kuandika walichokiona. Ofisi za kampuni ziliwatazama kwa jicho la shaka, na haikuwa bure. Mashabiki wa Disneyland wa wakati huo walikuwa wakali: walipiga picha rangi iliyobabuka, taa zilizoungua bila kubadilishwa, mbao zilizooza. Walilalamika kwamba matengenezo yanabanwa ili kuokoa fedha.

Tarehe 5 Septemba 2003, treni ya Big Thunder Mountain pale Disneyland ilipata ajali. Kijana wa miaka 22 alifariki na watu wengine kumi wakajeruhiwa. Wachunguzi wa jimbo la California walibaini kwamba matengenezo hayakufanywa ipasavyo. Hakuna shabiki aliyeitabiri ajali ile, na rangi iliyobabuka haiangushi treni. Ila walikuwa wakiuliza swali sahihi, kuhusu idara sahihi, wakati ambapo kurasa za usafiri za magazeti zilikuwa zikiandika kuhusu maonyesho ya fataki. Robert Niles, mwandishi wa habari aliyeanzisha tovuti ya Theme Park Insider, alikuwa ameweka humo sehemu ya kukusanya taarifa za ajali kutoka kwa wageni wenyewe. Mwaka 2001 tovuti hiyo ilipata tuzo ya uandishi wa habari wa mtandaoni nchini Marekani. Hiyo ilikuwa kazi ya habari hasa, na haikuhitaji mwaliko wa mtu.

Kisha kampuni zikabadili njia. Baada ya Universal kufanikiwa na wale saba, Disney nayo ilijenga milango yake: jopo la akina mama wa kujibu maswali ya wageni mwaka 2008, klabu rasmi ya mashabiki iitwayo D23 mwaka 2009, blogu yake yenyewe ya bustani mwaka huohuo, na kuanzia 2010 mkutano wa akina mama wenye wafuasi wengi mtandaoni, wa kuingia kwa mwaliko tu. Ile blogu ya kampuni ndiyo ya kutazamwa zaidi. Tangu ianze, habari rasmi hutoka kwanza kwa kampuni yenyewe, imeandikwa kwa sauti ya kirafiki inayofanana na ya shabiki. Mwanablogu anayeishi kwa taarifa rasmi hubaki kurudia kilichokwisha kusemwa, akiongeza uso wake na msisimko wake.

Tume na mahakama

Desemba 2009, miongozo mipya ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilianza kutumika. Ilisema kwamba mwanablogu anayesifu bidhaa au huduma aliyopewa bure, au aliyelipwa kuisifu, lazima awaambie wasomaji wake. Wanablogu wengi walikasirika, na kwa sehemu walikuwa na hoja, kwa sababu mhakiki wa gazeti anayepokea kitabu cha bure hakudaiwa kusema hivyo. Hoja ya tume ilikuwa kwamba msomaji wa gazeti anatarajia kwamba mhakiki amepewa kitabu, lakini msomaji wa blogu hana jinsi ya kujua kama anayezungumza naye ni mgeni kama yeye au ni mtu aliyealikwa.

Hapo kampuni inasema, njoo, wewe ni mwanahabari, na serikali inasema, kwa kuwa umeitika, waeleze watu. Na wajibu wa kueleza hauishi kwa kunong'ona mwishoni mwa video ya nusu saa. Maelezo yanatakiwa yawe wazi mahali ambapo mtazamaji atayaona. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo sheria bora kabisa katika jambo hili lote. Haimkatazi mtu kualikwa wala kufurahi. Inamrudishia msomaji mizani yake.

Mahakama ilikuja na jibu tofauti, na lilitoka katika jimbo lilelile la Disneyland ingawa kesi haikuhusu bustani. Novemba 2004, tovuti mbili za mashabiki wa Apple, PowerPage na AppleInsider, zilichapisha habari za kifaa cha sauti ambacho kampuni ilikuwa bado haijakitangaza. Apple ilitaka ijue nani aliyevujisha. Mahakama ya chini ikakubaliana na Apple mwaka 2005. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Mei 2006, mahakama ya rufaa ya California ilipindua uamuzi huo na kusema kwamba sheria inayowalinda wanahabari wasilazimishwe kutaja vyanzo vyao inawalinda pia wenye tovuti hizo. Majaji walikataa kazi ya kupambanua uandishi wa habari halali na usio halali. Kwao, aliyekusanya habari kwa nia ya kuufikishia umma amefanya kazi ya mwanahabari.

Waliolindwa pale ni mashabiki waliochapisha jambo ambalo kampuni waipendayo haikutaka lichapishwe. Hawakuwa wamealikwa. Sheria iliwakuta wanahabari katika hali iliyo kinyume kabisa na ile ambayo kampuni huwaita wanahabari.

Gazeti lilipofungiwa mlango

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu jambo hili haukumhusu shabiki. Septemba 2017, Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi kuhusu Disney na jiji la Anaheim: misamaha na nafuu ambazo kampuni ilikuwa imezipata kutoka kwa jiji, maegesho yaliyojengwa kwa fedha za umma, na ushawishi wake katika siasa za pale. Disney ilisema habari hizo hazikuwa za haki. Kisha wahakiki wa filamu wa gazeti hilo, watu ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa uchunguzi ule, wakazuiwa kuhudhuria maonyesho ya awali ya filamu za Disney.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. New York Times likatangaza kwamba wahakiki wake nao hawatahudhuria maonyesho hayo mpaka zuio liondolewe. Vyama vinne vya wahakiki, vya Los Angeles, New York, Boston na kile cha taifa, vikasema filamu za Disney hazitafikiriwa kwa tuzo zao. Tarehe 7 Novemba 2017 Disney ikaondoa zuio. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe iliomba jiji la Anaheim lifute mikataba miwili ya nafuu za kodi.

Sasa mweke mwanablogu mahali pa gazeti lile. Ameandika kuhusu mikataba ya jiji, jina lake limeondolewa kwenye orodha, na hakuna zuio lililotangazwa la kulipinga. Nani atasusa kwa ajili yake? Wenzake wanagombea nafasi zilezile, na nafasi yake iliyo wazi ni neema kwa mwingine. Hawana chama chenye tuzo ambazo kampuni inazitamani. Ninapoulizwa kama wanablogu hawa ni wanahabari, jambo ninalolitazama kwanza ni hili, kabla ya ubora wa sentensi zao au kamera zao: mlango ukifungwa, wana mahali pa kusimama?

Wapo wenye mahali hapo, na kwa kawaida ni wale wanaolipa.

Tarehe 1 Machi 2022 Disney ilifungua Florida hoteli iliyojengwa kama chombo cha anga za juu cha filamu za Star Wars, Galactic Starcruiser. Bei ilianzia takriban dola 4,800 kwa watu wawili kwa usiku mbili. Wanahabari na watu wa mitandao waliitwa kuijaribu kabla ya umma, na sifa zikatanda. Mwishoni mwa Septemba 2023, baada ya mwaka mmoja na nusu, hoteli ilifungwa. Mei 2024 Jenny Nicholson, shabiki na mtengenezaji wa video, aliweka YouTube video ya zaidi ya saa nne akieleza alichokiona huko. Alijilipia mwenyewe. Alieleza jinsi programu ya simu ilivyoshindwa kufuatilia hadithi aliyokuwa akiicheza, na jinsi alivyokaa nyuma ya nguzo wakati wa onyesho la chakula cha jioni. Mamilioni waliitazama mpaka magazeti makubwa yakaiandikia habari.

Lazima isemwe pia kwamba wageni wengi waliolipa waliipenda hoteli ile kwa dhati, na waliosifu kwa mwaliko hawakuwa wote wakidanganya. Ila mwalikwa hawezi kujibu swali lililomuumiza mlipaji zaidi: je, inafaa kwa fedha hiyo? Hakuitoa. Anaweza kusimulia ladha, mwanga, ustadi wa waigizaji. Kuhusu bei, anabahatisha hata akiwa mwaminifu namna gani.

Kundi la pili la wasiohitaji mlango ni wale wasoma nyaraka. Mashabiki wa Orlando huchimba vibali vya ujenzi vinavyowasilishwa kwa kaunti ya Orange, michoro iliyopelekwa kwa mamlaka ya maji ya Florida Kusini, na maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Wengine hukodi helikopta na kupiga picha za ujenzi kutoka angani. Universal ilipotangaza bustani ya Epic Universe tarehe 1 Agosti 2019, wasoma nyaraka walikuwa wameshaijadili kwa muda mrefu. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha ujenzi, ni picha za angani za mashabiki zilizowaonyesha watu wa kawaida wiki kwa wiki kipi kimesimama na kipi kimeanza tena. Bustani ilifunguliwa tarehe 22 Mei 2025, na siku za kabla yake waalikwa walimiminika na kamera zao, wakirusha video za kupendeza za mahali ambapo wale wengine walikuwa wameshapaeleza nguzo kwa nguzo.

Ndugu zetu wengi wanaishi Texas, Ohio, Minnesota na Florida yenyewe, na kila likizo kuna familia inayokusanya akiba ili watoto waende Orlando. Wakianza kutafuta taarifa mtandaoni, watakutana na video za waalikwa kwanza, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo nzuri kwa macho. Wazitazame ili wajue kuna nini. Wakishajua, watafute mtu aliyekwenda Jumamosi ya kawaida kwa fedha zake, na watoto wake, wiki kadhaa baada ya ufunguzi, aliyeandika saa alizosimama kwenye foleni na risiti ya chakula cha mchana. Na kabla ya kubofya kitufe cha kukata safari kilicho chini ya makala yoyote, wasome maandishi madogo yaliyo kando yake waone ni nani anayelipwa wakikibofya.